Goti la Mpanda Minara

Mkurugenzi aliingiza mkono kwenye mfuko, akatoa kisanamu, akakisimamisha juu ya meza ya kioo.

Hapo ndipo tulipomwacha Mchongaji wiki jana, kashika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Kama gazeti lako lilifungiwa kipande cha sabuni dukani kabla hujalimaliza, basi jua hili tu: kisanamu kile hakikutakiwa kuwepo duniani. Uzinduzi wake ulikuwa Jumamosi. Siku ile ilikuwa Jumatano.

Lakini kilikuwepo. Kofia nyekundu, mkanda wa vifaa kiunoni, kamba begani. Alikuwa ni Mpanda Minara mwenyewe, fundi wa taa asiyeogopa kimo chochote, shujaa ambaye marehemu mume wa Mchongaji alimchora kwenye katuni kila wiki kwa miaka kumi na miwili, mpaka kifo kilipomnyang'anya kalamu.

"Nimekinunua leo asubuhi," alisema Mkurugenzi. Alikuwa mwanamke mpole, na upole wake ndio uliokuwa unatisha. "Kwenye meza ya barabarani, kati ya chaja za simu na soksi. Yule muuzaji alikuwa navyo gunia zima."

"Kwa bei gani?" aliuliza Kikokotoo.

Huyu ni ndugu mdogo wa marehemu, shemeji yake Mchongaji na mshirika wake. Jina hilo alipewa shuleni kwa sababu alikuwa anamaliza hesabu kabla mwalimu hajaweka chaki chini. Mchongaji alichonga, Kikokotoo alipanga bei. Mkataba ulisema hivyo: umbo na bei vitaamuliwa na wawili hao kwa pamoja, na kampuni itauza.

"Elfu nne," Mkurugenzi alijibu.

Chao kilipangiwa elfu sitini.

Kikokotoo alifumba macho. Hiyo elfu sitini haikuokotwa njiani. Walibishana miezi sita. Yeye alitaka kisanamu kisicho na viungo, kisimame tu kama nguzo, kiuzwe rahisi. Mchongaji alitaka viungo ishirini, maana mpanda minara asiyeweza kukunja mguu ni mpanda minara gani? Mwishowe wakabeba sampuli kwenye mabegi wakawazungukia wakusanyaji mia mbili, mmoja mmoja, wakiwauliza: cha namna hii ungelipa ngapi? Na cha namna hii? Ndipo walipogundua jambo ambalo hakuna kati yao aliyelijua. Kifundo cha mkono kinachozunguka hakikuongeza hata shilingi kwenye bei ambayo mtu alikuwa tayari kulipa. Goti liliongeza theluthi nzima.

Wakaviondoa vifundo vya mikono. Wakalibakisha goti. Vipande mia tano tu, kila kimoja na namba yake chini ya unyayo.

Sasa gunia zima barabarani.

"Naomba nikione," alisema Mchongaji.

Mkurugenzi alikisukuma mbele, lakini kabla hajakiachia alikichezea kidogo, kama mtu anavyochezea kalamu. Alikizungusha kiganja. Kiganja kikazunguka.

Mchongaji aliiona ile mikono.

Vifundo vya mikono! Waliviondoa miezi minne iliyopita. Kisanamu chenye goti na chenye vifundo vya mikono kilitengenezwa kimoja tu: sampuli ya pili. Aliyekiiga hakuiba kutoka kiwandani wala kutoka kwenye michoro. Alikuwa na sampuli ya pili mkononi.

Na tangu wamalize kuwazungukia wakusanyaji, sampuli ya pili haikuwahi kutoka nyumbani kwake.

Alijikaza kisabuni. Akaomba moyoni shemeji yake asiione ile mikono.

"Hii ni ya pili," alisema Kikokotoo. "Shemeji, si ndiyo ile uliyoibakiza kwako?"

Mkurugenzi aliinua macho.

"Kwako?"

"Ipo kwa baba yangu," alisema Mchongaji. "Tunaishi naye. Alikuwa ananirekebishia goti. Iko ndani ya kisanduku chake, haijatoka."

"Basi kisanamu hiki kimetoka wapi?"



Mkurugenzi alifungua jalada, akaweka kidole kwenye mstari. "Kifungu cha tisa mnakikumbuka. Umbo likivuja kwa uzembe wa upande wenu, haki ya umbo na ya bei inahamia kampuni. Mimi sipendi kukitumia. Lakini nimeshabandika mabango mji mzima, na wakusanyaji wameanza kunipigia kuuliza kwa nini walipe elfu sitini." Alilifunga jalada taratibu. "Kesho saa nne asubuhi. Nileteeni jina la aliyevujisha, kwa maandishi, nimshitaki yeye. Msipoleta, Mpanda Minara ni wangu. Nitamtoa bila viungo, kwa elfu tano, nipambane na yule wa barabarani."

"Bila viungo?"

"Mama, kwa elfu tano nitakupa goti?"

*

Ngazi zilikuwa ndefu siku ile. Kikokotoo alishuka mbele, hakugeuka.

"Nenda kamuulize Mzee," alisema walipofika chini. "Kwa utaratibu tu. Mimi nitakuja jioni."

"Wewe unafikiri ni baba?"

"Sifikirii kitu, shemeji. Nahesabu tu. Sampuli moja, nyumba moja, mtu mmoja."

Akavuka barabara akaenda zake.

Mchongaji alifika nyumbani akiwa na jasho. Hakuvua hata viatu. Alipita chumba cha kazi, kwenye ndoo za plastiki ya maji ya kumiminia visanamu na vipande vya msasa vilivyotapakaa, akaingia chumba cha nyuma.

Mzee alikuwa amekaa dirishani, kabana jichoni kile kioo chake kidogo cha ufundi. Alikuwa fundi saa kwa miaka arobaini na mitatu. Saa za ukutani, za mkononi, za mnyororo. Jicho moja lilikuwa limeshaingia ukungu, na mikono ilitetemeka mpaka kijiko kiligonga kikombe. Lakini mpe pini ndogo kama punje ya mchanga, mkono unatulia.

"Baba, ile sampuli niliyokupa. Iko wapi?"

"Iko palepale." Alionyesha kisanduku cha bati chini ya kitanda. "Kwani vipi, mwanangu? Mbona umepauka hivyo?"

Mchongaji alikivuta kisanduku, akakifungua. Mpanda Minara alikuwa amelala kwenye kitambaa, kofia yake kichwani, mzima kabisa.

Mchongaji alikaa chini sakafuni akacheka peke yake. Ipo! Haijaibwa. Basi yule wa barabarani ametoka kwingine, na kesho saa nne atamwambia Mkurugenzi...

"Lete nikione," alisema Mzee.

Alikishika karibu na jicho zuri. Akalikunja goti, akalikunjua. Akasonya.

"Nani amefungua hili goti?"

"Mimi sijafungua."

"Limefunguliwa. Mimi pini naisukuma kutoka nje kwenda ndani, kichwa kinabaki nje. Tazama, kichwa kiko ndani. Huyu amelifungua akalirudisha kinyume." Alikwangua kwa ukucha chini ya goti, akamwonyesha kidoleni kitu cha kijivu, chepesi kama ngozi ya kitunguu. "Na hiki nini?"

Mchongaji alikijua bila kukigusa. Ni mpira wa kutengenezea kalibu. Mtu alikifungua kile kisanamu kipande kwa kipande, akamwagia mpira juu yake, akachukua umbo lake lote, kisha akakifunga na kukirudisha.

Kicheko kilikufa.

"Baba. Nisikilize vizuri. Nani alichukua hiki kisanduku?"

"Si yule uliyemtuma?"

"Sijamtuma mtu."

"Ulimtuma. Wakati ule wa mvua. Alikuja mchana, wewe umetoka, akasema unaitaka sampuli. Nikampa. Siku ya tatu akairudisha, akanisalimia vizuri, akaniwekea na mto mgongoni."

"Nani, baba? Jina lake nani?"

Mzee alimwangalia bintiye kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa rangi ya maziwa.

"Mume wako."

Msomaji, mume wa Mchongaji alikuwa na miaka mitatu kaburini.

"Baba," alisema taratibu. "Mume wangu amefariki."

Midomo ya Mzee ikacheza bila kutoa neno. "Ndiyo," alisema mwishowe. "Ndiyo, tulimzika. Lakini alikuja. Sauti ile ile. Anaingia anainamisha kichwa mlangoni, hivi, kama alivyokuwa anafanya siku zote."



Kuna mtu mmoja tu mwingine mwenye sauti ile. Mrefu vilevile, anayeinamisha kichwa vilevile mlangoni, kwa sababu walizaliwa tumbo moja.

*

Kikokotoo alifika jua likiwa bado halijazama. Aliingia bila kubisha hodi, akainamisha kichwa mlangoni.

Alikuwa ameshika karatasi.

"Nimeshaandika," alisema. "Soma tu, uweke saini."

Barua ilikuwa fupi, imepigwa chapa vizuri. Ilisema kwamba sampuli ya pili ilitolewa kwa mtu asiyejulikana na baba mzazi wa mchongaji, mzee mwenye umri mkubwa na kumbukumbu dhaifu, bila ya washirika kujua.

Mchongaji aliisoma mara mbili. Alipoinua kichwa hakuwa na machozi.

"Ulikuja hapa wakati wa mvua."

"Nani kasema?"

"Uliichukua, ukairudisha siku ya tatu. Ulimwekea na mto mgongoni."

Kikokotoo alibaki amesimama. Kisha akakaa kwenye ndoo ya plastiki iliyofunikwa.

"Sikuiuza, shemeji. Naapa. Sikuiuza."

"Uliipeleka wapi?"

"Kwa mtengeneza kalibu mmoja, upande wa pili wa mji. Nilitaka bei tu! Wewe uling'ang'ania goti. Kiwanda chetu kikasema goti linapandisha bei mpaka elfu themanini, na kwa elfu themanini wakusanyaji wote wangekimbia. Ungefanya nini? Ungelia. Nikasema ngoja nitafute mtu mwingine anitajie bei ndogo, nikiwa nayo niwabane kiwandani. Nikamwachia siku mbili apige hesabu." Alijishika kichwa. "Na ilifanya kazi! Kiwanda kilishusha. Ile elfu sitini unadhani ilitoka wapi? Lile goti lako lipo kwa sababu mimi nilikwenda kule."

"Na yeye akalinakili."

"Akalinakili."

Nyuma ya ukuta kitanda cha Mzee kililia kidogo.

"Mwambie Mkurugenzi," alisema Mchongaji. "Mwambie kama ulivyoniambia mimi."

"Nilitia saini peke yangu, karatasi nyingine ya Mkurugenzi, kwamba sitaonyesha sampuli nje ya kiwanda chetu. Wewe hukuwepo. Nikisema, si kifungu cha tisa tena, ni mahakama. Nina watoto wanne, shemeji. Mama yetu ananitegemea mimi sasa, baada ya kaka."

"Kwa hiyo baba yangu?"

"Mzee hawatamfanya kitu! Nani anamfunga mtu wa miaka themanini na moja? Watamhurumia, faili litafungwa, Jumamosi tunazindua. Kila kitu kinabaki. Goti linabaki, bei inabaki."

"Jina lake halibaki."

Kikokotoo alimsogezea kalamu.

"Kesho nitamwambia mimi," alisema Mchongaji.

Kikokotoo alimtazama, na katika macho yale hakukuwa na ukali wowote, afadhali ungekuwepo. Kulikuwa na huruma.

"Utamwambia nini? Shahidi wako ni nani? Mzee ataitwa, ataulizwa nani aliichukua. Atajibu nini, shemeji?"



Atajibu kwamba ni marehemu.

Alizunguka chumba. Aligusa patasi yake, akaiweka. Alimtazama mtu yule aliyekaa juu ya ndoo na uso wa mumewe, akataka kumpiga, akataka kumkumbatia, hakufanya lolote. Akisema kweli, anaonekana mwongo. Akinyamaza, anampoteza Mpanda Minara. Akitia saini, anamuuza baba. Kila mlango aliousukuma ulikuwa umefungwa kwa nje.

"Nenda," alisema. "Acha karatasi. Nenda."

*

Asubuhi alimpelekea Mzee chai, akakuta kitanda kimetandikwa.

Kimetandikwa vizuri, shuka limevutwa pembe kwa pembe. Koti lake la kutokea halikuwepo kwenye msumari. Kile kisanduku cha bati hakikuwepo.

Mchongaji alikimbia chumba cha kazi. Barua aliyoiacha mezani ilikuwa imeondoka pia.

Kuta za nyumba ile zilikuwa mbao tupu, msomaji. Mzee macho yalimwisha, masikio hayakumwisha.

Alikimbia barabarani na kandambili. Alisukuma watu, akaomba radhi, akasukuma wengine. Alipanda zile ngazi mbilimbili, akafika ghorofa ya tatu pumzi imekatika, saa ya ukutani ikisema saa nne kasorobo.

Mlango wa kioo. Ndani, Mzee amekaa wima kwenye kiti cha ngozi, kofia mapajani, kikombe cha chai mbele yake. Amenyoa ndevu. Alijikata kidogo shavuni.

Alipomwona bintiye alitabasamu kama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Mwanangu! Nimeyamaliza."

"Baba, umesema nini? Umewaambia nini?"

"Nimesema ni mimi. Nilimpa mtu nisiyemjua. Mama huyu mstaarabu sana, hakunigombeza hata kidogo."

"Si kweli!" Mchongaji alimgeukia Mkurugenzi. "Si yeye. Anataka kunikinga. Hajui anachosema."

"Anajua sana," alisema Mkurugenzi kwa upole uleule. "Amenieleza kila kitu, mpaka na pini. Amefungua goti hapa mezani mbele yangu, akalifunga tena. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kama kile. Nikamuuliza, Mzee, hili goti kabuni nani? Akasema ni yeye."



Ilikuwa kweli. Goti lilikuwa la Mzee. Alilichora nyuma ya bahasha, akalitengeneza kwa bawaba ya saa mbovu, na siku ya mkataba Mchongaji alipomuuliza, alipunga mkono: andika wewe, mimi jina langu la nini. Mchongaji akaandika lake.

"Kwenye mkataba wetu," aliendelea Mkurugenzi, "umesema kila kiungo ni kazi yako. Kumbe kiungo chenyewe kinachobeba bei yote si chako. Mwanasheria wangu kaniambia niwe mwangalifu, ninunue kwa mwenyewe. Nimenunua."

"Umenunua nini?"

Mkurugenzi aligeuza karatasi ili isomeke. Kwanza maelezo ya Mzee jinsi sampuli ilivyotoka, kisha haki zote za kiungo cha goti, popote duniani, kwa muda wote. Chini yake saini iliyotetemeka, herufi ya mwisho imetoka nje ya mstari.

"Baba, umeuza goti?"

"Waliniuliza bei," alisema Mzee, na fahari ikamjaa usoni. "Mimi siwezi kumwibia mtu. Nikawatajia bei yangu ileile, ya kufungua saa, kuisafisha na kuifunga. Unajua zamani wateja walivyokuwa wananibana? Hawa hawakupunguza hata kidogo."

Aliingiza mkono kwenye koti, akatoa noti mbili zilizokunjwa, akamwekea bintiye kiganjani na kumfunga vidole.

"Shika. Utanunua msasa."

Mchongaji alisimama katikati ya chumba, noti zimebana mkononi, akiwa hana hata pa kutazama. Mkurugenzi alitazama pembeni. Hata yeye alitazama pembeni.

"Imebaki saini ya shahidi," alisema baadaye, akisafisha koo. "Asipokuwepo shahidi wa upande wenu, karatasi hii haijakamilika."

Mlango wa kioo ulifunguka.

Kikokotoo aliinamisha kichwa, akaingia, tai yake imekaa upande. Alimwona Mzee. Aliona kofia mapajani, kidonda shavuni, karatasi mezani. Aliisoma juu chini bila kuishika, haraka, kama alivyosoma kila kitu maishani mwake, na alipofika kwenye ile bei midomo yake ilisita.

Mkurugenzi alimnyooshea kalamu.

"Umefika wakati mzuri. Mzee anasema aliyechukua sampuli hamjui. Wewe unamshuhudia?"

Kikokotoo aliipokea kalamu. Akaitazama. Akamtazama Mzee, aliyekuwa anamtabasamia na kumtikisia kichwa polepole kama anayemwambia tia tu, mwanangu, tia yaishe.

Akaiweka kalamu juu ya meza ya kioo, akavuta pumzi, akafungua mdomo.